Pesa za tangi la maji zilivyonunua kipakatalishi cha uwanja wa mbio

Zamu ya chama ilipomfikia mama mmoja fundi wa cherehani anayeishi Ruai, Nairobi, alipokea shilingi 40,000 ambazo tayari zilikuwa na kazi yake. Zilikuwa za tangi la maji na jukwaa la kuliweka, maana mfereji wao hutoa maji siku mbili kwa wiki na mitungi ya plastiki ilikuwa imejaa jikoni hadi mlangoni. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshaitwa aje apime.

Mumewe akamwomba wazungumze kwanza. Alitaka sehemu ya pesa hizo inunue kipakatalishi cha kupeleka kwenye uwanja wa mbio.

Kwa mtu wa mbali, ombi hilo linaweza kuonekana la ajabu. Mbio za magari, machoni pa wengi, ni mchezo wa wenye nacho. Familia hii haina nacho. Baba ni fundi wa magari katika gereji ya Industrial Area, na mwisho wa wiki hutengeneza gokati za watu kwenye uwanja ulio karibu na Athi River. Gokati ni yale magari madogo ya mbio, yaliyo wazi juu, ambayo injini yake hukaa pembeni mwa kiti. Mmoja wa wateja wake alipomnunulia mwanawe gokati mpya, ile kuukuu alimwachia fundi huyu aitumie, iwe sehemu ya malipo ya kazi yake. Ndivyo binti yake wa miaka 12 alivyoanza kushika usukani.

Binti alikuwa na kasi. Shida ilikuwa kila alipotoka uwanjani. Kabla hajavua helmeti, baba alikuwa ameinama juu ya gokati akiuliza mbona ameshika breki mapema kwenye kona ya tatu. Binti hujibu kwamba hakushika mapema. Baba husema ameona kwa macho yake. Binti hunyamaza, na njiani kurudi nyumbani hakuna anayezungumza.

Jumamosi moja jioni, binti alimwendea mama aliyekuwa akikata kitambaa, akamwambia, "Mama, kesho nikae na wewe kibandani." Mama anajua binti huyu hapendi kukaa kibandani. Akanyamaza, lakini neno hilo lilimkaa moyoni.

Baba naye lilimfikia. Usukani wa gokati ile ulikuja na kifaa kidogo cha kurekodi, MyChron5, kinachotengenezwa na kampuni ya AiM ya Italia. Kina GPS ndani yake. Kila mzunguko hurekodi mwendo wa gari, mizunguko ya injini kwa dakika na joto. Kwenye kioo chake huonyesha muda wa kila mzunguko, lakini ukitaka kuchambua vizuri sekunde zimepotelea kona gani, na kwa nini, lazima uhamishe rekodi hizo hadi kwenye kompyuta. Familia za watoto wengine hukaa chini ya mahema wakitazama michoro hiyo baada ya kila mbio. Baba huyu alikuwa akikisia.

"Sitaki tena kubishana na mtoto kwa macho," alimwambia mkewe. "Nataka tuone wote."

Mama hakukataa. Lakini hakukubali pia, kwa sababu nyumba hii ilikuwa imeshaumia mara moja.

Mwaka uliotangulia, baba alikuwa ameazima laptopu ya kijana wao mkubwa, anayesoma chuo cha ufundi. Ilikuwa mashine mpya ya bei ya chini, ya plastiki nyembamba, yenye diski ya aina ya zamani inayozunguka ndani. Waliiweka juu ya sanduku la spana. Gokati nyingine ikapita, mtu akalipiga sanduku kikumbo, na laptopu ikaanguka kwenye lami ikiwa imewashwa. Bawaba moja ilivunjika, lakini hilo lilikuwa dogo. Diski ndiyo iliyokufa, na ndani yake mlikuwa na ripoti ya mafunzo yake ya kazini, wiki tatu kabla ya siku ya kuiwasilisha. Kijana aliiandika upya kwenye saiba, usiku baada ya usiku, akilipia kila saa. Tangu siku hiyo hakumwazima baba yake hata chaja.

Kwa hiyo mama alichukua daftari lake la vipimo, lile analoandikia mabega na viuno vya wateja, akafungua ukurasa mpya. Akasema hawezi kushona nguo bila kupima mwili, na hatanunua mashine bila kupima mahali itakapokaa. Akamwita na binti. Akaandika masharti matatu ya nyumba kwanza: mashine haitamaliza pesa zote, nyumbani itatumiwa na watoto wote wawili kwa masomo, na uwanjani, binti ndiye atakayeifungua. Baba atangoja dakika kumi kabla ya kusema lolote.

Sharti hilo la mwisho lilimchoma baba. Alilikubali.

Kisha wakapima uwanja. Adui wa kwanza ni vumbi. Eneo la Athi River ni nyanda kavu, lina viwanda vya saruji, na upepo wa mchana huja na unga mwembamba unaoingia hata kwenye soksi. Laptopu ya kawaida ina feni inayovuta hewa kupitia matundu ya chini au ubavuni. Vumbi likijaa humo, mashine huchemka na kuanza kwenda polepole.

Adui wa pili ni jua. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Laptopu nyingi za bei ya kati zina niti 250 hivi, ambazo zinatosha sebuleni. Saa saba mchana uwanjani, skrini ya namna hiyo hugeuka kioo cha kujitazamia uso.

Wa tatu ni mtikisiko na kuanguka. Hapa familia ilikuwa na somo tayari. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma kikiwa juu yake kwa nafasi ndogo mno. Ikipigwa huku inazunguka, kichwa hugusa sahani na kila kitu hupotea. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Inaweza kuharibika pia, lakini si kwa kuanguka tu kutoka juu ya sanduku.

Wa nne ni umeme. Uwanjani kuna jenereta, lakini umeme wake hupanda na kushuka, na foleni ya kuchomeka haina adabu. Mashine inapaswa kumaliza siku kwa betri yake.

Wa tano haonekani: programu. Programu ya kusomea kifaa cha AiM huitwa Race Studio. Hupatikana bure, lakini imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Hapo ndipo wazazi wengi hunaswa. Chromebook ni nyepesi, ni nafuu, na kwa kazi za shule inafaa, lakini programu hiyo haiingii ndani yake. Mama aliandika neno "Windows" na kulipigia mstari mara mbili.

Wakaenda mjini Jumatano, mama, baba na binti aliyekuwa likizoni. Katika duka la kwanza, barabara ya Luthuli, baba alipata alichokuwa akikiota: Panasonic Toughbook CF-31 iliyotumika, nyeusi, yenye mpini kama mkoba. Muuzaji aliibamiza mezani mara mbili kuonyesha. "Hii ni ya jeshi, mzee," akasema. Bei, shilingi 38,000.

Muuzaji hakuwa akidanganya. Mashine ile ilijengwa kwa watu wa kazi za nje. Ina kiwango cha IP65: tarakimu ya kwanza, 6, humaanisha vumbi haliingii kabisa, ya pili, 5, humaanisha inastahimili maji yanayorushwa kwa mfereji. Skrini yake hufika niti 1,000 na zaidi. Ukiitazama kwa vumbi na jua peke yake, hakuna iliyoishinda siku ile.

Lakini mama alikuwa na daftari. Aliomba waipime. Ilikuwa na zaidi ya kilo tatu na nusu. Binti aliinyanyua kwa mikono miwili, akacheka, akairudisha. Kisha mama akauliza umri wake. Hata toleo la mwisho la mashine hiyo lina prosesa ya Intel ya kizazi cha tano, ilhali Windows 11 huomba kizazi cha nane au zaidi. Microsoft nayo ilimaliza kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine isiyoingia mtandaoni bado ingesoma rekodi za gokati bila taabu. Kwa kijana wa chuo anayefungua barua pepe na kutuma kazi zake kila siku, ilikuwa hatari isiyo na sababu.

Swali lililomaliza mjadala lilikuwa jingine. "Ikivunjika skrini, nitaipata wapi na kwa bei gani?" mama aliuliza. Muuzaji akasema inaagizwa. Mama akafunga daftari.

Baba alisimama pale muda kidogo. Kwake, kudumu ni chuma kinene. Kwa mkewe, ambaye cherehani yake imemlisha miaka mingi kwa sababu kila kipande chake kinauzwa Gikomba, kudumu ni kitu kinachoweza kutengenezwa kesho yake, kwa pesa iliyopo mfukoni. Wote wawili ni mafundi, na walikuwa wakisema ukweli wa namna mbili.

Wakaendelea kutembea. Duka la pili liliwaonyesha laptopu mpya zenye maandishi ya MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani. Neno hilo siku hizi lipo kwenye mashine nyingi, na lina maana yake, ila mnunuzi asilichukue kama ngao. Kiwango hicho ni orodha ndefu ya majaribio, ya joto, mtikisiko, kuanguka, mchanga na mengineyo, na mtengenezaji huchagua yapi ayafanye na kwa namna gani. Maandishi hayo pekee hayasemi kwamba feni yake haitavuta vumbi la Athi River.

Duka la tatu ndilo walilonunua. Lilikuwa la zile ambazo wauzaji huita "ex-UK": laptopu za ofisi zilizotumika ng'ambo miaka michache, kisha zikauzwa kwa jumla na kuletwa huku. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, na wengi huogopa mitumba kwa sababu hiyo. Lakini laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya makampuni si sawa na laptopu mpya ya bei ileile. Mwili na bawaba zake ni imara zaidi, hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi, vipuri vyake vimejaa mjini.

Waliyochukua ni ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018. Prosesa yake ni ya kizazi cha nane, RAM 8GB, SSD ya 256GB. Kibodi yake ina njia za kupitishia maji yakimwagika. Na ina jambo moja lililomfurahisha baba kama mtoto: betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka. Ukiichomoa ya nyuma na kuweka nyingine, mashine haizimiki, maana ile ya ndani huishikilia. Kwa siku nzima uwanjani, hilo ni kama kuwa na galoni ya petroli ya akiba.

Skrini yake, hata hivyo, ilikuwa ya niti 250. Mama alisema hiyo aachiwe yeye.

Kabla ya kulipa, walikagua. Fundi wa duka alipoombwa, aliandika amri ya powercfg /batteryreport, na mashine ikatoa taarifa ya betri: uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Betri ya ndani ilikuwa bado juu ya robo tatu. Ya nyuma ilikuwa imechoka, wakaiacha na kununua nyingine. Waliizima na kuiwasha, wakaingia kwenye BIOS kuhakikisha haina nywila ya kampuni iliyoimiliki, kwani mashine iliyofungwa hivyo inaweza kumgomea mnunuzi baadaye. Walifungua na kufunga kifuniko mara nyingi, wakajaribu kila tundu la USB, kila kitufe, na Wi-Fi, kwa kuwa MyChron5 hupeleka rekodi zake kwa Wi-Fi. Mwisho waliomba risiti yenye namba ya mashine na dhamana ya miezi sita iliyoandikwa, si ya mdomo.

Mashine ilikuwa shilingi 31,000. Betri ya nyuma 4,500. Flashi ya kuhifadhi nakala 900. Zikabaki 3,600, na mama akazirudisha kwenye bahasha iliyoandikwa "Tangi".

Jioni ile aliketi kwenye cherehani. Kwa turubai nyeusi iliyobaki kwenye kazi ya mteja, alishona kijumba cha kufunika skrini juu na pembeni, kilichoachwa wazi mbele tu, chenye kigumu cha katoni ndani ili kisianguke. Mtu akiingiza kichwa kidogo, jua hubaki nje na michoro huonekana. Akashona na mfuko wenye zipu, wenye kifuniko cha ziada juu ya zipu, kwa sheria moja: mashine ikiwa haitumiki, imezimwa na iko ndani ya mfuko. Haikai wazi juu ya meza, wala haifunikwi ikiwa inafanya kazi, maana ikikosa hewa huchemka.

Baba naye alitaka kutumia kompresa ya gereji kupuliza vumbi. Fundi wa duka alikuwa ameshamwonya: kompresa ya gereji huweza kutoa hewa yenye unyevu, na nguvu yake inaweza kuizungusha feni hadi ikaharibika. Bora brashi laini na bloa ndogo ya mkono, feni ikiwa imezuiwa isizunguke.

Jumapili ya kwanza, binti alitoka uwanjani, akavua helmeti, akanawa mikono, akafungua mfuko. Baba alisimama kando na kuitazama saa yake. Wale waliokuwa karibu wanasema dakika kumi hizo zilikuwa ndefu kuliko mbio zenyewe.

Binti alilaza mzunguko wake mzuri juu ya mzunguko mbaya, mistari miwili ya rangi tofauti. Kwenye kona ya tatu, muda ulikuwa unapotea kweli. Hapo baba alikuwa amesema kweli. Lakini mistari yote miwili ilishuka mahali pamoja: breki ilishikwa palepale. Tofauti ilikuja wakati wa kutoka kwenye kona. Mizunguko ya injini ilipanda, mwendo wa GPS haukupanda nayo.

Fundi wa gokati hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Kwenye gokati kama ile, injini huendesha ekseli ya nyuma kwa mnyororo. Injini ikikimbia na gari lisiende, matairi yanateleza. Baba aliangalia mchoro, akaangalia matairi, akaenda kuchukua kipima upepo. Presha ya nyuma ilikuwa juu. Yeye ndiye aliyeijaza asubuhi.

"Ni mimi," alimwambia binti. Akapunguza upepo.

Binti hakushinda siku hiyo, na wala hajashinda bado. Bado wao wawili hubishana. Kuna kona ya sita ambayo michoro imesema mara nyingi kwamba binti huogopa, na yeye mwenyewe hukubali kwa shingo upande. Kilichobadilika ni kwamba sasa hubishana wakiwa wameinamia kijumba kimoja cha turubai, vichwa vimegusana, na mwenye kushika kipanya ni mtoto.

Kijana wa chuo alikaa karibu mwezi mzima bila kuigusa mashine ile. Kisha siku moja aliomba aandikie kazi yake. Siku hizi kila Jumamosi usiku, kabla ya uwanja, yeye ndiye anayenakili kila kitu kwenye flashi na kuiweka kwenye kabati la mama, mbali na mfuko wa uwanjani. Hakuna aliyemwagiza. Tangi bado halijanunuliwa, na mitungi iko mlangoni ikingoja zamu nyingine ya chama, lakini bahasha sasa ina shilingi 5,100: baba ameongeza 1,500 alizolipwa na mzazi mwingine uwanjani, aliyemwomba amsaidie kuchagua mashine kama ile. Mama ndiye aliyemshonea kijumba chake, na hicho alikiuza kando.